KAULI YA TAWI: MTOTO WA MWALONI NAYE AHESABIWE



Kikao cha tawi cha Jumapili kilikuwa na ajenda tatu. Mbili tumeziahirisha, maana moja ilichukua jioni nzima: watoto wetu ambao hawajafika umri wa darasa la kwanza wanashinda wapi, na nani, wamekula nini, wakati mama yuko kwenye karasha. Tunawaandikia tulichokubaliana, na pale tulipobishana tutasema.

Anayepita mialoni asubuhi anaona mwenyewe. Mama anaponda mawe, mtoto yuko mgongoni. Anayetambaa amelazwa juu ya kiroba pembeni ya marudio. Wa miaka minne ndiye mlezi wa huyo wa mwaka mmoja. Vumbi wanalovuta ni lilelile. Jioni dhahabu ikichomwa, mvuke wa zebaki unaingia kwenye pua zote, ila kwa mdogo unakuta ubongo ambao ndio kwanza unajengeka. Wala si jambo la jana. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu, na waliyoyazungukia ni Geita, Kahama na Chunya. Yaani ni huku kwetu.

Hatumlaumu mama. Mzee wetu mmoja alisimama akasema zamani mtoto alilelewa na bibi, hizi habari za vituo ni za watu wa mjini. Tulimsikiliza, na hoja anayo. Lakini bibi huyo yuko Maswa, yuko Kwimba, yuko Kibondo. Machimbo ni mji wa watu waliokuja na begi moja. Jirani uliyenaye leo, duara likikauka keshokutwa amehamia Nyarugusu au Rwamgasa. Bibi wa kuachiwa mtoto hapa hayupo, na mama akikaa nyumbani hakuna unga.

Sasa tuje kwenye sera. Kwenye karatasi nchi yetu haijakaa kimya. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Inamhusu mtoto tangu anapozaliwa hadi miaka 8, na inataja mambo matano yaende pamoja: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Mapema 2025 ikazinduliwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, yenye mwaka mmoja wa elimu ya awali, darasa la kwanza kwa mtoto wa miaka 6, na miaka 10 ya elimu ya lazima. Ni hatua nzuri na tunaiunga mkono.

Mtoto wetu anaangukia katikati. Kuanzia Januari 2016 ada ilipoondolewa, madarasa ya awali yalijaa. Kiwango cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mjumbe wetu aliingia darasa moja la awali katika kata za machimbo, akaanza kuhesabu, akaacha alipopita mia moja. Mwalimu alikuwa mmoja, naye alikuwa anaitwa kushika kipindi cha darasa la pili. Madarasa mapya ya mfano yaliyojengwa kupitia mradi wa BOOST tunayapokea kwa mikono miwili, ila ukuta wenye picha za wanyama haufundishi mtoto kushika kalamu.

Na huyo ni wa miaka 5. Wa miaka 2, 3 na 4 sera inamwachia kituo cha kulelea watoto mchana, ambacho kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 lazima kisajiliwe kupitia ustawi wa jamii. Usajili tunautaka, maana hatutaki watoto wafungiwe chumbani wakaitwa wako kituoni. Tatizo ni kwamba anayeweza kujenga kituo chenye vyoo, uzio na jiko anakijenga mjini Kahama au Geita, kwa wenye mishahara. Mwaloni hafiki.

Hapa ndipo tulipobishana sana. Wapo waliotaka kila mama alipe 1,000 kwa siku, kituo kijiendeshe. Kamati imekataa. Siku mawe hayakutoa kitu, mama hana hiyo elfu, na siku hiyohiyo mtoto anarudi kwenye marudio. Wengine wakasema akina mama wakope ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkopo huo hauna riba, ni kweli, lakini ni mkopo. Utaurejeshaje kwa biashara ambayo wateja wake hawana kitu?

Fedha ipo kwingine. Halmashauri zenye migodi mikubwa hukusanya ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo. Tena tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho 2017, mgodi unatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Orodha za miradi ya namna hiyo tunazijua: jengo, barabara, taa. Hakuna anayekata utepe kwenye posho ya mlezi. Lakini mlezi ndiye kituo. Mkoa wa Shinyanga ulikuwamo kwenye mradi wa EQUIP-Tanzania, uliotumia walimu wasaidizi wa jamii kuwaandaa watoto kwa shule kwa wiki chache tu. Mradi ule ulikuwa na mwisho wake. Watoto wanazaliwa kila mwaka, kwa hiyo posho ya mlezi iwe kwenye bajeti.

Awamu ya programu ya taifa iliwekewa kikomo mwaka wa fedha 2025/26. Tumemwagiza diwani wetu apeleke haya kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwenye baraza: awamu ijayo iyataje maeneo ya machimbo kwa jina, kila mwalo mkubwa uwe na kituo cha jamii kilichosajiliwa, mbali na mashine na zebaki, uji na posho za walezi vitokane na ushuru wa huduma, na mwalimu wa awali asihamishwe kuziba pengo la madarasa mengine. Akirudi bila majibu, atatueleza kwenye mkutano wa hadhara.

La mwisho linatuhusu wenyewe. Wenye maduara na makarasha wengine ni wanachama wetu, wawili wamo kwenye kamati hii. Mwanachama atakayeruhusu dhahabu ichomwe penye watoto atajieleza mbele ya tawi. Hao wawili walikuwepo, na wamesaini.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi saa 10 jioni, uwanja wa shule. Akina mama wa mialoni njooni hata kama mmechelewa kazini, na watoto mje nao. Ukisoma ujumbe huu mfikishie jirani asiye na simu janja.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.