Bibi Haabudu Karatasi

Ndugu anayetaka picha na filamu za Yesu ziondolewe ameishika Kutoka 20 inayokataza sanamu, akairuka Kutoka 25, ambako Mungu yuleyule anaagiza makerubi wa dhahabu. Kwetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Nikea uliamua mwaka 787: kuheshimu sanamu si kuiabudu.

Aje Mbamba Bay. Ukutani kwa bibi mmoja pana picha ya Moyo Mtakatifu iliyofifia kwa moshi, chini yake ungo wa usipa. Bibi huipangusa kwa pindo la kanga, kisha hufumba macho ndipo husali. Anayeabudu karatasi hufumba macho?

Lawama yangu ni nyingine. Yesu wa ile filamu ya 1979, anayezungumza nasi kwa Kiswahili cha kuazimwa, ni Mwingereza Brian Deacon. Huyo tumjadili.