Risasi Tatu Hazitoshi Kupima Mwendo

Soko la vifaa vya wajazaji risasi nchini Marekani limechangamka tangu mwishoni mwa mwaka 2023, kampuni ya Garmin ilipotoa kronografu ndogo ya rada, Xero C1 Pro, kwa bei ya dola 600 hivi. Kifaa hicho kinachoenea kiganjani hupima mwendo wa kila risasi inapotoka kwenye mtutu. Vifaa vingi vya zamani vilihitaji vihisio viwili visimamishwe mbele ya bunduki, na mwanga wa jua uliweza kuvuruga vipimo.

Walenga shabaha hujaza risasi wenyewe ili zote zitoke kwa mwendo unaokaribiana. Kwa yadi 100 tofauti ndogo haionekani. Kwa yadi 1,000 risasi iliyotoka polepole huangukia inchi kadhaa chini, na duara la pointi 10 katika mashindano ya F-Class nchini humo lina upana wa inchi 10 tu kwa umbali huo.

Tatizo ni gharama ya malighafi. Kati ya mwaka 2020 na 2022 fataki ziliadimika na bei ikapanda mara mbili na zaidi. Hivyo wajazaji wengi hupiga risasi tatu tu kwa kila kipimo cha baruti, kisha huchagua kile chenye tofauti ndogo ya mwendo. Wanadhani wanabana matumizi, kumbe hapo ndipo fedha zinapopotea.

Hesabu iko wazi. Ujazo mmoja, usiobadilishwa chochote, unaoonyesha tofauti ya futi 17 kwa sekunde kati ya risasi ya kasi na ya polepole katika risasi tatu, kwa wastani utaonyesha futi 23 katika risasi tano na futi 37 katika risasi 20. Na katika majaribio mawili ya risasi tatu, ujazo huohuo unaweza kutoa futi 8 leo na 26 kesho kwa bahati tu.

Hakuna mfanyabiashara makini anayenunua hisa kwa kutazama bei ya siku tatu. Mjazaji mwenye risasi 40 atapata faida zaidi akilinganisha aina mbili za ujazo kwa risasi 20 kila moja, kuliko aina 13 kwa risasi tatu tatu.

Lipo jambo moja ambalo hata risasi chache hutosha. Mwendo ukizidi ule wa kitabu cha ujazaji kabla ya kufikia kiwango cha juu cha baruti, huenda shinikizo ndani ya bunduki limepita kiasi. Kifaa hakipimi shinikizo, lakini onyo hilo humtaka mjazaji asimame na kupunguza baruti. Kwa usalama huo pekee, dola 600 si ghali. Kinachogharimu ni kuamini namba ndogo iliyopatikana kwa risasi tatu.