Mtoto Akikataa Chupa, Usikimbilie Kununua Nyingine

Tangu niweke ile video nikimnywesha mpwa wangu maziwa kwa kikombe, inboksi imejaa swali moja: "Anko, ni chupa gani mtoto wa nyonyo atakubali?" Wengi wanaouliza ni akina mama wa hapa Busia na Malaba. Wanavuka ng'ambo asubuhi kuchukua mayai, ndizi ama nafaka, wengine wanapikia madereva wa malori pale kwa foleni, na jioni wanarudi matiti yamejaa mpaka yanauma. Mmoja ameshanunua chupa nne. Nne! Mtoto ana miezi mitatu na zote amezitema. Mwingine anauliza kama chupa za upande wa Uganda ni tofauti na za huku.

Mimi si daktari, na chuo mnajua niliacha katikati. Kitu niko nacho ni muda wa mchana. Dadangu akienda sokoni, mtoto anabaki na mimi na kukhu. Kwa hivyo naongea kama msee ambaye ameshikilia hiyo chupa kwa mkono mtoto akipiga nduru, na msimamo wangu ni huu: ukishajaribu chupa mbili nzuri na mtoto bado anakataa, ya tatu ni kutupa pesa. Badilisha vitu vingine. Na kama bado hataki, achana na chupa kabisa.

Kwanza uelewe kwa nini anakataa. Kwa titi mtoto anafungua mdomo wazi kabisa na kuchukua nyama nyingi, si chuchu peke yake. Ananyonya kidogo bila kupata kitu, halafu maziwa yanashuka. Akitaka kupumzika anapumzika, na maziwa yanamngoja. Kuna harufu ya mama, kuna joto lake. Sasa unamletea raba ambayo ukiipindua tu inamwaga mdomoni kabla hajajipanga. Anakohoa, anasukuma na ulimi, anageuza kichwa. Watu wanasema ati ni mkaidi. Huyo si mkaidi, anajikinga asipaliwe.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kuangalia ni kasi ya chuchu ya chupa, kabla hata ya umbo lake. Chukua ile ya polepole kabisa. Ujue pia namba zilizoandikwa kwenye chuchu hazilingani kati ya kampuni na kampuni. Namba 1 ya huyu inaweza kumwaga haraka kuliko namba 2 ya yule. Kwa hivyo usiamini pakiti, jaribu mwenyewe: weka maji, pindua chupa, tazama. Inatakiwa idondoke tone tone. Ikitiririka kama bomba, iache. Na tafadhali, ile tabia ya kupanua tundu kwa sindano iliyochomwa moto ili mtoto "ashibe haraka", kwa mtoto wa nyonyo ndiyo inaharibu kabisa.

Umbo ni la pili, na hapa ndipo watu wanauziwa hadithi. Ile chuchu pana iliyoundwa kama titi inapendeza macho ya mama dukani. Lakini nyingi zina kitako kipana na ncha fupi iliyosimama ghafla kama kifungo, na mtoto anaishia kufyonza ile ncha tu, midomo imefungwa kama anapiga mluzi. Tafuta inayopanuka taratibu kutoka ncha hadi chini, ili midomo yake ikae imefunguka juu yake. Mara nyingi hiyo ni chuchu ya kawaida tu, haina mapambo.

Chupa yenyewe? Geuza chini utazame kile kipembe tatu. Namba 5 ni plastiki ya polipropilini, inavumilia kuchemshwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali ya BPA kwenye chupa za watoto mwaka 2011, kwa hivyo kukiwa na maandishi kwamba haina BPA, vizuri. Mdomo uwe mpana ili brashi ifike chini. Zile zenye mirija na vipande sita ndani, jiulize nani atazisafisha kila siku, na kwa maji gani. Na usinunue kubwa. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita anayenyonya tu anahitaji kama mililita 30 hadi 45 kwa kila saa ambayo mama hayuko. Ukienda masaa sita, acha mililita 180 hadi 270, na uzigawe kidogo kidogo. Ukiona mtoto wa jirani wa maziwa ya kopo anamaliza chupa nzima, usilinganishe.

Basi, kwa chupa ni hayo tu.

Kitu kinachosaidia zaidi hakiuzwi. Mama ndiye mtu mbaya zaidi wa kumfundisha mtoto chupa. Mtoto anamnusa, anajua kitu halisi kiko hapo, kwa nini akubali raba? Awe mtu mwingine, na mama atoke nje ya nyumba kabisa, asijifiche nyuma ya pazia. Sisi tulikuwa tunamfunika mtoto na leso ya dadangu ambayo haijafuliwa. Usingoje awe na njaa kali, maana mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza. Jaribu wakati ametulia, ama ameamka tu akiwa na usingizi bado. Ipashe chuchu joto kwa maji ya vuguvugu. Mkalishe wima kidogo, chupa ilale sambamba na ardhi, maziwa yajaze ncha tu. Mguse mdomo wa juu na ungoje afungue mwenyewe. Akifyonza mara kadhaa, shusha chupa apumue. Dakika kumi zikiisha na hajataka, weka kando, cheza naye, jaribu tena baadaye.

Kukhu hakupenda hii ya kungoja. Kizazi chao kuna njia ya kumshika mtoto kichwa, kubana pua na kumwaga uji kwa kiganja mpaka ameze. Namheshimu kukhu kwa mambo mengi, lakini hapo tulikataa. Maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na mtoto akilazimishwa hivyo siku tatu ataanza kulia akiona chupa tu.

Halafu kuna kitu ambacho watu wachache wanafikiria: onja hayo maziwa. Ni kweli, weka tone kwa ulimi. Kuna akina mama ambao maziwa yao yakikaa kwa friji masaa kadhaa yanaanza kunuka sabuni, kwa sababu kimeng'enya kinachoitwa lipasi kinavunja mafuta yaliyomo. Hayajaharibika, lakini ladha imebadilika na mtoto anajua. Kama ni hivyo, pasha maziwa mapya mara tu yakikamuliwa mpaka vipovu vidogo vitokee pembeni ya sufuria, yasichemke, kisha uyapoze haraka na kuyahifadhi. Unaweza kuwa umebadilisha chupa nne kumbe mtoto anakataa sabuni.

Na kwa hili joto letu, muda ni wa kuhesabu. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama masaa manne kwenye nyuzi 25, na Busia mchana hiyo 25 tunaipita bila kutoa jasho. Ukiwa sokoni, kikasha chenye vipande vya barafu kinayahifadhi hadi masaa 24. Kwa friji, siku nne. Mtoto akishaanza kunywa, yaliyobaki yatumike ndani ya masaa mawili ama yamwagwe. Najua inauma kumwaga maziwa uliyokamua kwa mkono saa kumi alfajiri, lakini yamwagwe.

Sasa kikombe. Shirika la Afya Duniani limekuwa likipendekeza kikombe kwa muda mrefu kwa watoto ambao mama yuko mbali ama hawawezi kunyonya, hata wale wadogo waliozaliwa kabla ya wakati. Sababu ni rahisi: kikombe kilicho wazi kinaoshwa kwa sabuni na maji na unaona kama ni safi. Chupa ina mizunguko ya kifuniko, chuchu ina kona, maziwa yanakwama humo, na kwa nyumba ambayo maji ni ya mtungi hiyo ni njia ya moja kwa moja ya kuhara. Kikombe pia hakimchanganyi mtoto na titi.

Namna ya kufanya: mtoto akae wima mapajani, mikono umeifunga na leso asipige kikombe. Kikombe kidogo kisicho na ncha kali. Weka ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse midomo tu. Usimwage. Yeye mwenyewe atatoa ulimi na kulamba kama paka, mkubwa kidogo atafyonza. Siku ya kwanza nusu itaenda kwa bibu. Siku ya nne mpwa wangu alikuwa anavuta kikombe na mikono miwili kama mzee wa busaa. Na kama mtoto wako amefika miezi sita, sioni hata kwa nini umfundishe chupa ambayo utalazimika kumwachisha tena. Aende kikombe moja kwa moja, na uji wake wa kijiko.

Nyinyi mnaouliza nitaje jina la kampuni, siwezi, na si maringo. Kuna muuzaji alitaka kunilipa niseme chupa yake ni "sawa na nyonyo". Kenya ina sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, na inagusa chupa na chuchu zake pia. Kuuza ni halali, kutangaza ndiko kunakokatazwa. Watengeneza maudhui wengi hawajui hiyo sheria ipo, ama wanajifanya. Haikutoka hewani: mwaka 1974 kijitabu kilichapishwa Uingereza kikieleza jinsi maziwa ya kopo yalivyokuwa yakisukumwa kwa akina mama wa nchi maskini, 1977 Wamarekani wakaanza kususia bidhaa za Nestlé, na 1981 mkutano wa afya wa dunia ukapitisha kanuni za kuzuia biashara hiyo. Sasa biashara imehama kutoka mabango ikaja kwa simu zetu, na sisi ndio mabango.

Lakini hata tukikataa matangazo, mama wa mpaka bado ana shida ambayo chupa haiwezi kutatua. Wizara inasema miezi sita ya maziwa ya mama pekee. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa miezi mitatu ya likizo. Hesabu hiyo haifungi hata kwa mwenye ofisi. Sheria ya Afya ya 2017 inasema waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea. Sawa, na dadangu mwajiri wake ni nani? Anauza kwa meza. Anayemtoza pesa ni kaunti. Kwa maoni yangu, kaunti ikichukua ushuru wa soko kwa mama, imejifanya mwajiri wake kwa kiasi hicho, na inaweza kutenga chumba kimoja Busia na kingine Malaba chenye bomba la maji, viti, pazia na friji moja. Mama akipata dakika ishirini mara mbili kwa siku, mtoto analetwa na boda ananyonya, ama mama anakamua. Hii mji ndiyo ilizaa neno bodaboda, kwa baiskeli zilizokuwa zinabeba watu kutoka mpaka hadi mpaka. Kumleta mtoto sokoni na kumrudisha hakutatushinda.

Takwimu za nchi zinaonyesha kwa nini naona hapo ndipo tumekwama. Watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya tu walikuwa asilimia 32 mwaka 2008–09. Mwaka 2014 wakafika 61. Hiyo ni kazi kubwa ya manesi na wahudumu wa afya wa mashinani. Mwaka 2022: asilimia 60. Mahubiri yamefika mahali yangefika. Mama anajua nyonyo ni bora, humwambii kitu kipya. Anachokosa ni mahali na muda.

Jambo la haraka kabla sijasahau, maana kuna mmoja ameniandikia ana wasiwasi. Watoto wengine wanakunywa kidogo sana mchana halafu mama akirudi wananyonya usiku kucha. Inachosha, lakini ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni hii: nepi inakaa kavu masaa mengi, mdomo umekauka, utosi umebonyea, analia bila machozi ama amelegea hataki hata titi. Hapo usinitumie ujumbe na usijaribu kikombe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na wewe mwenye chupa nne: hiyo ya nne kama hujaifungua na risiti unayo, rudisha dukani. Hiyo pesa nunua kikasha cha barafu.