Naguru Itoe Pia Hesabu ya Waliopigwa

Kila mwaka makao makuu ya Polisi ya Uganda, pale Naguru, hutoa ripoti ya uhalifu wa nchi nzima. Ndani yake makosa yamepangwa kwa mafungu: mauaji, uvunjaji wa nyumba, wizi wa ng'ombe, unajisi wa watoto, ukatili wa majumbani. Kwenye fungu la makosa ya kujamiiana kuna mstari wa makosa yanayoitwa ya kinyume cha maumbile, kwa hiyo msomaji anajua ni kesi ngapi za aina hiyo zilizofikishwa polisi. Jambo asiloweza kulijua, hata akiisoma ripoti yote, ni watu wangapi walipigwa, waliporwa, walitupiwa vyombo nje au waliuawa kwa sababu kuna mtu aliyewadhania kuwa wapenzi wa jinsia moja. Dola inawahesabu wanaotuhumiwa, lakini wanaoumizwa kwa tuhuma hizo hizo haiwahesabu. Naamini hesabu hiyo ya pili inapaswa kukusanywa, kuchapishwa, na kupewa raia yeyote anayeiomba, na kwamba msomaji hahitaji kuipinga Sheria ya Kupinga Mapenzi ya Jinsia Moja ya mwaka 2023 ndipo akubaliane nami.

Kwa sasa pengo hilo linazibwa na mashirika ya kiraia. Septemba 2023, miezi michache baada ya sheria kutiwa saini, kamati ya wanaharakati wanaopinga sheria hiyo ilitoa ripoti iliyoorodhesha matukio 306 ya ukiukwaji wa haki kati ya Januari na Agosti mwaka huo, yote dhidi ya watu walioandamwa kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi au utambulisho wao wa kijinsia. Wapo waliosema takwimu za wanaharakati haziaminiki kwa kuwa wana upande. Hoja hiyo siidharau. Hesabu ya mwenye upande inafaa kupimwa kwa hesabu nyingine. Lakini anayeweza kuwa na hesabu nyingine ni polisi peke yake, na polisi hawaikusanyi. Tena ripoti hiyo yenyewe iliwahusisha watumishi wa dola na matukio 25 tu kati ya yale 306. Mengi sana yaliyobaki, basi, ni ya raia kumdhuru raia mwenzake, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya kituo cha polisi.

Tufuate jalada lenyewe tuone sababu inapotelea wapi. Mtu aliyepigwa Kabalagala au Katwe akifika kituoni, tukio lake huandikwa kwenye kile kitabu ambacho kila mtu Kampala hukiita SD, naye hupewa namba. Akiwa na majeraha, hupewa Fomu ya Polisi namba 3 aende nayo kwa daktari, ambaye hujaza aina ya jeraha na ukubwa wake. Jalada likifunguliwa rasmi, linapata namba ya CRB, yaani ya kitabu cha kumbukumbu za uhalifu. Katika mlolongo wote huo, sababu ya kupigwa ina nafasi moja tu ya kuandikwa, nayo ni maelezo ya mlalamikaji, kwa mwandiko wa askari, iwapo mlalamikaji alithubutu kuitaja na askari akaona inafaa kuiandika. Kisha kituo kinajumlisha, wilaya inajumlisha, mkoa unajumlisha, na mpaka kufika Naguru limebaki shambulio la kudhuru mwili, lililochanganywa na ugomvi wa baa na ugomvi wa mipaka ya mashamba.

Nitajibiwa kwamba sheria za Uganda hazina kosa linaloitwa uhalifu wa chuki, kwa hiyo polisi hawawezi kuhesabu kitu kisichokuwemo kwenye sheria. Hilo la kwanza ni kweli, la pili si kweli. Kanuni ya Adhabu inajua mauaji. Haina kosa la peke yake la kuuawa na umati wenye hasira. Hata hivyo polisi wamekuwa wakiyatenga mauaji ya umati katika ripoti zao mwaka baada ya mwaka, kwa sababu waliona nchi inahitaji kujua ukubwa wa tatizo hilo. Mauaji ya kafara nayo yalifuatiliwa kama kundi la pekee, na kikosi maalumu kikaundwa mwaka 2009, miaka mingi kabla ya Bunge kuyatungia sheria yake mwaka 2021. Kafara ni nia. Aliyeweza kuandika kwamba fulani aliuawa kwa ajili ya utajiri wa kichawi anaweza kuandika kwamba mwingine alivunjwa taya huku akiitwa shoga.

Jalada likifungwa bila umma kujua nia ilichunguzwaje, shaka hubaki miaka mingi. David Kato, mwanaharakati wa haki za wapenzi wa jinsia moja aliyejulikana kuliko wote nchini, aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011. Mwanzoni polisi walizungumzia wizi, baadaye wakasema ni ugomvi wa watu wawili usiohusiana na harakati zake. Novemba mwaka huo muuaji alihukumiwa kifungo cha miaka 30, lakini mabishano juu ya nia hayajaisha hadi leo. Mei 2016 ofisi za HRAPF, shirika la msaada wa kisheria la hapa Kampala linalowatetea wapenzi wa jinsia moja, zilivamiwa na mlinzi akauawa. Februari 2018 zikavamiwa tena na walinzi wakajeruhiwa vibaya. Yawezekana ni wezi wa kawaida, yawezekana si wao. Matukio mawili yaliyotokea mahali pamoja, katika muda wa chini ya miaka miwili, hayawezi kupimwa bila kujua mangapi yanayofanana nayo yako kwenye vitabu vya vituo vingine.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la usalama wa waathirika, na wanaolitoa mara nyingi ni marafiki zao. Uganda imekwishaonja matokeo ya majina kuanikwa. Oktoba 2010 gazeti la Rolling Stone la Kampala, lisilohusiana kabisa na lile la Marekani, lilichapisha picha na majina ya watu lililodai ni wapenzi wa jinsia moja, likiwa na maneno ya kutaka wanyongwe. Mwishoni mwa mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kwamba gazeti lilivunja haki zao za utu na faragha. Kwa hiyo ninachokidai si majalada. Majina, kijiji, umri kamili, mahali pa kazi, hakuna hata kimoja kinachopaswa kutoka, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatosha kuyazuia. Zitoke namba tu, kwa mkoa wa kipolisi badala ya kijiji, na pale matukio yalipo machache mno yaunganishwe na ya mkoa wa jirani ili asitambulike mtu. Safu zinazohitajika ni chache: kosa gani liliripotiwa, jalada lilifika kwa mwendesha mashtaka au halikufika, na mahakama iliamua nini.

Naongeza safu moja ambayo naiona muhimu kuliko nyingine: ni walalamikaji wangapi walioingia kituoni kushtaki kipigo wakageuzwa washtakiwa. Chini ya sheria ya 2023, mtu anayeeleza kwa nini alipigwa anaweza kuwa anajitolea ushahidi dhidi yake mwenyewe, katika sheria yenye adhabu ya kifungo cha maisha, na ya kifo kwa baadhi ya makosa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo ibaki, lakini ilifuta kifungu kilichomlazimisha kila mtu kuwaripoti wanaoshukiwa. Daktari anayejaza Fomu namba 3 hana tena wajibu huo. Ingefaa tujue kama aliyepeleka jeraha lake kituoni naye ana ahueni yoyote.

Wengine watasema kuchapisha takwimu hizi ni kutangaza mapenzi ya jinsia moja. Kuhesabu waliopigwa hakumfundishi mtu kupenda wala kutopenda chochote. Hakuna kifungu hata kimoja cha sheria ya 2023 kinachompa mwenye nyumba, ndugu au jirani ruhusa ya kumpiga mtu. Anayefanya hivyo ni mhalifu kwa Kanuni ya Adhabu ile ile. Anayeamini kwamba sheria hiyo ni njema na haizai ghasia mitaani ndiye angekuwa wa kwanza kuzitaka takwimu, maana ndizo zingemthibitisha. Wala dai hili halitoki Ulaya: Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika azimio lake namba 275 la mwaka 2014, ilizitaka nchi wanachama zichunguze ipasavyo ukatili wa aina hii na kuwawajibisha wanaoutenda.

Ni kweli pia kwamba namba za polisi zitakuwa ndogo, kwa kuwa wengi hawaendi kituoni. Huko England na Wales, ambako takwimu za uhalifu wa chuki hutolewa kila mwaka, Wizara ya Mambo ya Ndani yenyewe huwatahadharisha wasomaji kwamba ongezeko laweza kutokana na uandikaji bora, si lazima liwe ongezeko la uhalifu. Tahadhari kama hiyo inaweza kuandikwa Naguru kwa sentensi moja. Na ikiwa mashirika yatahesabu mamia huku polisi wakihesabu kumi, tofauti hiyo yenyewe itatueleza ni wangapi wanaoogopa kituo.

Njia ya kisheria ipo tayari. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zinapohatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 inampa ofisa siku 21 za kujibu, na inasema sababu ya mwombaji haipunguzi haki yake. Barua ipelekwe na raia kwa jina lake mwenyewe: mwaka 2002 shirika la Greenwatch lilikubaliwa na Mahakama Kuu kwamba mkataba wa umeme liliouomba ni taarifa ya umma, kisha likaukosa kwa kushindwa kuthibitisha kuwa ni raia. Iombe idadi ya mashambulio ambayo dhana ya mapenzi ya jinsia moja imetajwa kuwa sababu kwenye maelezo, kuanzia Mei 2023, pamoja na hatua ambayo kila jalada limefikia. Polisi wakijibu kwamba hawana hesabu hiyo, jibu liwe la maandishi, ili Hakimu Mkuu, anayepokea malalamiko chini ya sheria hiyo ya 2005, aweze kuwauliza kwa nini ya kafara wanayo.