Yuniti 252 si ushahidi wa bangi

Leo naongelea kazi ambayo sisi tunaoandika programu tutazidi kuletewa kadiri mita za stima zinavyounganishwa na mtandao: programu inayosoma matumizi ya wapangaji na kumwambia mwenye nyumba ni nani analima bangi chumbani. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Programu ya namna hiyo haifai kuandikwa. Msinielewe vibaya, sitetei bangi hapa. Sababu yangu ya kwanza ni ya hesabu.

Ombi lilinifikia kutoka kwa mzee mmoja mwenye majengo ya kupangisha Ruiru na Thika. Mfumo wake ni ule ambao wengi wenu mnaujua: jengo lina mita kuu, kila nyumba ina mita yake ndogo, mpangaji analipa kwa M-Pesa na kupokea tokeni kwa simu. Mimi ndiye ninayeutunza. Akaniambia, "Kijana wangu, mtu akipita yuniti 200 kwa mwezi, mashine inipe jina na namba ya nyumba, nipeleke polisi." Nikamuuliza, "Mzee, na kama ana friza mbili?" Akajibu kwamba hiyo ni kazi ya polisi kujua.

Hofu yake naielewa. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994 haimshiki mkulima wa bangi peke yake. Mwenye ardhi au msimamizi anayeruhusu itumike kwa kilimo hicho naye ana kosa, na kifungo kinaweza kufika miaka 20. Tena kuna bedsita nyingi ambazo stima imo ndani ya kodi, na humo taa za mtu mmoja hulipiwa na ploti nzima. Kwa hiyo mzee ana jambo la kweli. Swali ni kama namba anayoitaka inaweza kumjibu.

Twende kwenye hesabu. Anayelima ndani akitumia taa ya sodiamu ya wati 600 huiwasha saa 18 kwa siku mmea ukiwa unakua, kisha saa 12 ukifika wakati wa maua. Tuchukue wakati wa maua. Wati 600 kwa saa 12 ni yuniti 7.2. Ongeza feni ya wati 50 inayotoa harufu na joto saa 24, ni yuniti 1.2. Jumla ni 8.4 kwa siku, yaani 252 kwa siku 30, nikiacha kando kinachopotea kwenye balasti. Hiyo ni stima nyingi kwa nyumba ya chumba kimoja. Tangu Aprili 2023 EPRA imewagawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu, na kundi la juu kabisa linaanzia pale unapopita yuniti 100 kwa mwezi. Ukiangalia haraka utasema mzee ana haki, mkulima anajitokeza mwenyewe.

Sasa mweke jirani yake. Mgonjwa wa mapafu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika. Mashine hiyo hula karibu wati 350, na akiihitaji usiku na mchana haizimwi. Wati 350 kwa saa 24 ni yuniti 8.4. Kwa siku 30 ni 252.

Namba ni ile ile, wadau. Katika jedwali la hifadhidata yangu mstari wa mkulima na mstari wa mgonjwa unafanana kabisa. Mmoja atapigiwa mlango na polisi kwa sababu anavunja sheria, mwingine kwa sababu anapumua.

Na si mgonjwa peke yake. Shawa ya umeme ya kilowati 5, familia ya watu watano, kila mmoja dakika 10, ni karibu yuniti 125 kwa mwezi kabla hujawasha kitu kingine. Mama anayeangua vifaranga kwa mashine ya wati 150 isiyolala anafika 108. Kwa upande mwingine, mkulima aliyehamia taa ya LED ya wati 300 anatumia hizo hizo 108 wakati wa maua. Yaani mkulima mwenye vifaa vipya anakaa chini ya kiwango cha mzee, na familia inayooga maji moto na kuangua vifaranga inakipita. Ukishusha kiwango ili umpate, unaingiza nusu ya ploti.

Tufanye mfano, na hizi ni namba za kubuni za kufundishia tu. Tuseme mzee ana nyumba 800. Wawili kati ya wapangaji wanalima. Nyumba 40 zinapita yuniti 200. Hata tukiwa na bahati na wote wawili wawe ndani ya hizo 40, bado orodha ina watu 38 wasio na hatia. Ukibahatisha jina lolote kutoka kwenye orodha, utakuwa umekosea mara 95 kwa kila 100. Programu yenye makosa ya namna hiyo kwenye malipo ya M-Pesa ingenifukuzisha kazi siku hiyo hiyo. Kwa nini ikubalike pale inapopeleka mtu kituoni?

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Orodha hii inawashika wanaolipa. Anayelima kwa wingi ana sababu mbili za kuikwepa mita: gharama na kujificha. Mnamo Mei 2021 polisi wa West Midlands, Uingereza, walivamia ghala huko Sandwell wakidhani ni shamba la bangi. Dalili zote zilikuwepo: nyaya nyingi, mabomba ya hewa, joto lililoonekana kwa droni, watu kuingia na kutoka saa tofauti. Walipovunja mlango walikuta kompyuta karibu 100 zikichimba bitcoin. Hapakuwa na jani hata moja. Stima ilikuwa ya wizi kweli, imeunganishwa bila kupita kwenye mita, lakini bangi haikuwepo. Ikiwa droni, wapelelezi na joto la paa viliwapoteza polisi kiasi hicho, namba moja ya mwezi kutoka kwenye mita ndogo ya Ruiru itamwongoza nani?

Najua jibu la mafundi wenzangu. Watasema tatizo ni uchache wa data. Tokeni inaeleza ulinunua lini, haielezi ulitumia lini, basi tufunge mita zinazotuma usomaji kila dakika 15. Hapo taa ya saa 12 itaonekana kama ngazi, inapanda saa ile ile na kushuka saa ile ile kila siku, wakati mashine ya oksijeni inachora mstari ulionyooka. Kweli kabisa. Kitaalamu unaweza kuwatenganisha.

Lakini angalia kitu kingine unachokipata kwenye mchoro huo huo. Unaona saa mpangaji anapoamka. Unaona saa anayooga, siku alizosafiri, usiku alipolala mwingine pale, mwezi alioacha kupika kwa sababu kazi imeisha. Data hiyo iko mikononi mwa mwenye nyumba, mwangalizi wa ploti mwenye nywila iliyoandikwa ukutani, na fundi kama mimi. Hapa ndipo napoona fundo la mambo yote. Data kidogo inaonea wasio na hatia, data nyingi inachungulia kila mtu. Hakuna kiwango cha katikati ambapo unampata mkulima peke yake na wengine wakabaki na pazia lao.

Wenzetu wameshabishana hili mahakamani. Marekani, katika kesi ya Kyllo iliyoamuliwa Juni 2001, maafisa walikuwa wameelekeza kamera ya joto kwenye nyumba moja ya Oregon mwaka 1992, wakaunganisha na bili za stima na taarifa za watu, wakapata kibali, na ndani wakakuta mimea zaidi ya 100. Mkulima alikuwepo kweli. Hata hivyo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ilisema kuitazama nyumba kwa chombo cha namna ile ni upekuzi, na upekuzi unahitaji kibali kwanza. Kanada ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2010, katika kesi ya Gomboc ya kule Calgary, Mahakama ya Juu ilikubali ushahidi wa kifaa ambacho kampuni ya umeme ilikifunga kwa ombi la polisi bila kibali, na moja ya sababu ni kwamba kanuni za pale ziliruhusu taarifa zitolewe ikiwa mteja hajaomba zifichwe. Kisha mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya mita za mji wa Naperville, ikasema kusoma mita kila dakika 15 ni upekuzi, ila unakubalika kwa kuwa lengo lilikuwa kuendesha huduma na si kutafuta wahalifu. Ikaonya kwamba data hiyo ikifika kwa polisi kirahisi, jibu linaweza kubadilika.

Onyo hilo ndilo linalotuhusu. Kwetu Ruiru na Thika si kampuni kubwa inayosoma mita ndogo, ni mwenye nyumba, na kati yake na polisi hakuna ofisi ya sheria wala utaratibu. Kuna namba ya simu tu. Lakini hatuko porini. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda nyumba ya mtu na habari za mambo yake binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema data iliyokusanywa kwa kazi moja isigeuzwe kwa kazi nyingine isiyoendana nayo. Na kanuni za usajili za 2021 zinataja kusimamia majengo miongoni mwa kazi zinazolazimu mtu kujisajili kwa Kamishna wa Data. Mpangaji alitoa jina lake ili auziwe tokeni. Hakulitoa ili achunguzwe.

Sasa mtasema, haya, umemkatalia mzee, umempa nini? Nilimpa vitu viwili ambavyo naona kila mfumo wa mita ndogo ungepaswa kuwa navyo.

Cha kwanza ni mizani ya jengo. Programu inajumlisha mita ndogo zote na kulinganisha na mita kuu. Pengo likikua ghafla kuna stima inayopita pembeni, na fundi wa umeme anaitwa kukagua nyaya za jengo, si vyumba vya watu. Huyu ndiye mwizi ambaye orodha ya yuniti 200 isingemwona kamwe.

Cha pili ni kengele ya usalama. Waya wa nyumba ukibebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi kwa saa nyingi, ujumbe unaenda kwa mpangaji kwanza: nyaya zako zina mzigo mkubwa, punguza au mwite fundi. Kama ni taa za bangi, amejulishwa kwamba nyumba inaweza kuungua pamoja na majirani. Kama ni oksijeni, amepata msaada anaouhitaji. Kengele haihitaji kujua ni kipi.

Na usomaji wenyewe? Ukishamaliza kazi ya malipo na muda wa mpangaji kulalamika ukapita, ufutwe. Polisi wakitaka taarifa za nyumba fulani waje na amri ya mahakama. Hapo mzee hajaficha mhalifu, na hajamuuza mpangaji.

Nimalizie na kichekesho cha jambo lenyewe. Thika iko karibu nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Jua letu linawaka karibu saa 12 kila siku, Januari hadi Desemba, bure, saa zile zile ambazo mkulima wa chumbani analipia kwenye tokeni. Hawashi taa kwa kukosa mwanga, anawasha kwa sababu anajificha. Utafiti wa Evan Mills uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kilimo cha bangi cha ndani Marekani kilikuwa kikila karibu asilimia 1 ya umeme wote wa nchi ile. Kama tunataka kujadili stima hiyo, mahali pake ni Bungeni na mahakamani, ambako Warasta wa Kenya walifungua kesi yao mwaka 2021 wakitaka waruhusiwe kuitumia faraghani kwa imani yao. Huko watu wanasimama, wanajibu, wanakatiwa rufaa. Hifadhidata yangu haina mahali pa mshtakiwa kujibu.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika mifumo ya ploti kutoka Githurai hadi Makongeni, mkiletewa ombi hili msijibu kwa hasira. Chukueni kikokotoo, mpigieni mwenye nyumba hesabu ya wati 350 kwa saa 24, kisha mumuulize ni mlango upi angependa polisi waanze nao. Mnasemaje, wadau?