Ghaibu na Mizani

Wapo washairi wenzetu wanaosema kwamba kisichopimika hakipo. Nawaheshimu, ila hoja yao naikataa.

Mwaka 1930 mwanafizikia Wolfgang Pauli aliona hesabu ya nishati haitimii pale kiini cha atomu kinapotoa elektroni. Badala ya kuitupa kanuni kwamba nishati haipotei, alidai ipo chembe isiyoonekana inayoondoka na kile kinachokosekana. Chembe hiyo, nyutrino, ilinaswa na vyombo mwaka 1956. Miaka 26 ilikuwapo bila shahidi!

Sisemi kwamba nyutrino ni ushahidi wa roho. Waumini wenzangu hupenda kulivuka daraja hilo, nalo haliwabebi: Pauli aliacha mlango wa majaribio, nasi hatuna chombo cha kuinasa roho. Ninachodai ni kidogo zaidi: kutopimika ni habari ya mizani, si ya kitu. Mtu anayehesabu mizani katika kila mshororo alipaswa kulijua hilo mapema.

Itazameni lugha. Ghaibu ni kisichoonekana. Lakini pia tunasema fulani amesoma kwa ghaibu, bila kitabu, maneno yamo kifuani mwake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake akiuonyesha magofu ya Pate. Mpasuaji akikifungua kifua atakuta msuli unaosukuma damu. Aliyekuwa akionywa yu wapi? Anayesema hakuwapo, na atuambie utenzi ule ulimsemesha nani.