Neno la Mhariri: Bukoba Haikuwa Normandy

Nimechoka na Normandy. Tuliwaomba walimu wa Bukoba na Muleba watuandikie vijana habari za shambulio la Waingereza juu ya Bukoba, Juni 1915, na nyingi ya karatasi zilizorudi zilikuwa na pwani ya Ufaransa ndani yake: Juni 6, 1944, askari zaidi ya 150,000 kwa siku moja, maelfu ya vyombo baharini, Eisenhower na hali ya hewa. Kisha mwishoni kabisa Bukoba inaingizwa kama mdogo wa mtu mashuhuri anayetambulishwa arusini: nasi tulikuwa na Normandy yetu. Hatukuwa nayo, na kijana anayeambiwa hivyo anadanganywa mara mbili, juu ya Ufaransa na juu ya kwao.

Sitabishania ukubwa. Askari wa Uingereza waliopakiwa melini Kisumu chini ya Brigedia Jenerali Stewart walikuwa kama 1,500 hivi, na Wajerumani na askari wao waliokuwa Bukoba walikuwa mia chache tu. Hata hivyo kushusha watu kutoka majini usiku, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, mbele ya adui aliye juu ya kilima, ni kazi ileile iwe ziwani au baharini. Katuni ya kurasa za kati imeieleza vizuri: fataki za ishara zilizorushwa kutoka Kisiwa cha Musira zikawaamsha walinzi, mpango wa kuteremka gizani ukaharibika, na alfajiri ya Juni 22 askari wakashushwa kaskazini ya mji, chini ya majabali. Mchoraji ameyachora majabali yale jinsi yalivyo, si kama mchanga wa hotelini. Kijana wa Kashai akiichukua katuni hiyo akasimama nayo ufukweni, ataelewa mara moja kwa nini wenye kushika mwinuko wa juu ndio wenye mji.

Tofauti ninayoitaka ieleweke iko kwingine. Waliokwenda Normandy walikwenda kukaa. Waliokuja Bukoba walikuja kuvunja na kurudi. Shabaha yao ilikuwa mnara wa simu ya upepo, ambao kwa huo Wajerumani wa magharibi ya ziwa walipashana habari na wenzao. Juni 23 wakaingia mjini, wakaubomoa mnara, wakaharibu ngome, wakapora, wakapanda meli na kurudi Kisumu. Makala karibu zote zilizotufikia ziliishia hapo, meli zikipiga honi. Mimi nasema hapo ndipo habari inapoanza.

Wajerumani walirudi. Waliendelea kuishika Bukoba kwa takribani mwaka mzima, hadi katikati ya 1916, Wabelgiji walipovuka kutoka upande wa Rwanda na Waingereza wakasonga kwa ziwa na kwa nchi kavu. Mwaka huo mmoja hauna katuni, hauna sinema, na katika vitabu vya kiada haupo kabisa. Hebu tumuulize mwanafunzi wa kidato cha pili: wewe ni mtu wa Kyamtwara, kibanja chako kimepigwa risasi siku mbili, migomba imelala chini, wageni wamepita wakielekea mjini, kesho yake hawapo na mtawala wa jana amerudi akiuliza nani aliwaonyesha njia. Utajibu nini? Swali hilo moja linamfundisha kijana maana ya vita kuliko orodha ya vikosi. Linamfundisha pia jambo ambalo wapenda mizinga hawalipendi: shambulio la kuvunja na kurudi linaweza kufanikiwa kabisa katika taarifa ya jenerali na kuwaacha wenyeji pabaya kuliko mwanzo.

Mwalimu mmoja mstaafu, ninayemheshimu sana, amenijibu kwa barua kwamba hayo yote ni vita vya Wazungu na watoto wetu wana mengi ya kusoma. Mwalimu wangu, shikamoo, lakini sikubali. Kati ya waliopanda majabali yale walikuwamo askari wa King's African Rifles, na waliowapiga risasi kutoka juu wengi wao walikuwa askari weusi wa Mjerumani. Walikuwamo pia Wahindi wa kikosi cha 29th Punjabis. Kila sanduku la risasi lilihitaji mgongo wa mtu, na katika vita vile vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa wala si kwa risasi. Tukiviita vya Wazungu, tunawasaidia waliowaacha watu hao nje ya taarifa zao.

Hapo ndipo ninapofikia ugomvi wangu wa siku nyingi. Karibu kila aandikaye juu ya Juni 1915 anachota kwa Richard Meinertzhagen, afisa wa upelelezi wa Waingereza, ambaye shajara yake ilichapishwa kama kitabu mwaka 1960. Anasimulia uporaji wa Bukoba kwa mbwembwe zinazomfaa mchekeshaji. Huyu ndiye mtu ambaye wataalamu wa ndege wamethibitisha kwamba aliiba vielelezo vya makumbusho na kuvibandika maelezo ya uongo, na ambaye Brian Garfield, katika kitabu chake cha 2007, alimchambua kama mzushi wa sehemu kubwa ya sifa zake mwenyewe. Uporaji wenyewe haubishaniwi. Waliokuwapo wengine wameuandika. Lakini kicheko kile ni cha Meinertzhagen, na sioni sababu ya kumrithisha mtoto wa Bunena kicheko cha mtu aliyeucheka mji wake ukiporwa. Makala mbili zilizomnukuu kurasa kwa kurasa nimezipunguza. Waandishi wa makala hizo wamekasirika. Sawa.

Kuna jina jingine ambalo vijana wanalijua bila kujua kwamba lilipita hapa. Frederick Selous, mwindaji ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini, ambalo sehemu yake tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, alikuwa Bukoba Juni ile akiwa na kikosi cha 25th Royal Fusiliers na umri wa miaka 63. Aliuawa Beho Beho Januari 1917. Makala inayomhusu ni fupi, na kwangu ufupi huo unatosha.

Kuhusu Tanga, Novemba 1914, yumo mwandishi anayeeleza vizuri jinsi watu kama 8,000 waliotoka India walivyoshindwa na kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliyekuwa na kama 1,000. Nyuki waliowauma askari siku ile bado wamepewa sifa nyingi kuliko wanazostahili. Makala ya Omukama Kahigi wa Kianja na urafiki wake na Wajerumani imeandikwa kwa makini, isomwe polepole. Ile ya kuanguka kwa Mwanza mwaka 1916 imejaa tarehe.

Nimeshinda ubishi mmoja katika bodi, nao ni kuweka makala ya vita vya 1978 ndani ya toleo hili la mashambulizi ya kutoka majini. Walioipinga walisema majeshi ya Amin hayakuja kwa ziwa. Ni kweli. Lakini mwandishi wetu wa Muleba, anayeishi jirani na makaburi ya mashujaa Kaboya, ameweka bega kwa bega miji miwili iliyoporwa kwa tofauti ya miaka 63, na anauliza kwa nini Daraja la Kyaka kila mtoto analijua na mnara wa simu ya upepo hakuna anayeujua. Jibu lake ni kwamba vita vya Kagera vina makaburi, sikukuu na wazee wanaosimulia, na vile vya 1915 vina shajara za maafisa tu. Nakubaliana naye, ila naongeza kuwa shajara hizo tumeziachia uwanja sisi wenyewe.

Kwa hiyo ukurasa wa mwisho wa toleo hili hauna maandishi. Wanafunzi wa Bukoba na Muleba, waulizeni nyumbani: nani katika ukoo alibeba mzigo au bunduki, kwa Mjerumani, kwa Mwingereza au kwa Mbelgiji? Andikeni jina, kijiji, na lolote linalokumbukwa, kisha mkabidhi kwa mwalimu wenu wa historia atuletee. Jina tupu lisilo na hadithi pia tutalichapa.